Robert Moffat, Mtunza Bustani wa Kuruman

Watu wengi humkumbuka Robert Moffat kwa kuwa ndiye aliyefasiri Biblia katika lugha ya Kitswana, na kwa kuwa alikuwa mkwewe Daktari Livingstone. Lakini kazi yake ya kwanza, aliyofundishwa angali kijana, ilikuwa kazi ya bustani, na kazi hiyo hakuiacha muda wote aliokaa Afrika. Hii ni habari ya bustani yake, na ya maji yaliyoinywesha, na ya ugomvi mkubwa uliotokea kwa ajili ya maji hayo.

1. Kijana wa beleshi

Robert Moffat alizaliwa tarehe 21 Desemba 1795 katika kijiji cha Ormiston, nchi ya Uskoti. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Jioni, wakati wa baridi, mama yake aliwakusanya watoto karibu na moto, akawasomea habari za wamisionari waliokwenda nchi za mbali. Na wakati alipokuwa akisoma, watoto walifundishwa kufuma na kushona. Wavulana nao walifundishwa kazi hiyo. Robert aliona si kazi ya mwanamume, lakini mama yake akamwonya kuwa mtu hajui maisha yake yatamfikisha wapi. Miaka mingi baadaye, mahali pasipo fundi wala duka, alimshukuru mama yake.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne aliwekwa kwa mtunza bustani mmoja mahali paitwapo Parkhill ili ajifunze kazi. Mtu yule alikuwa mkali. Vijana wake waliamshwa saa kumi za usiku, hata wakati wa baridi kali ardhi ikiwa imeganda kama jiwe. Mikono yao ilikufa ganzi kwa baridi, wakawa wakiigonga vifundo vyake katika mpini wa beleshi ili wapate kuhisi vidole vyao tena. Chakula kilikuwa kidogo na kazi ilikuwa nyingi. Hata hivyo Robert hakupoteza wakati. Jioni alikwenda darasani kujifunza hesabu za kupima na Kilatini kidogo, na alipopata nafasi alisimama karibu na mhunzi akijifunza kufua chuma.

Kijana huyu alijifunza mambo matatu: kulima udongo, kupima ardhi, na kutengeneza jembe lililovunjika. Siku zile hakujua kuwa yote matatu yatahitajiwa mahali pamoja.

2. Safari ya Afrika

Alipokuwa mtu mzima kidogo alipata kazi katika bustani kubwa ya High Leigh, Uingereza. Jioni moja alipokuwa akitembea kwenda mji wa Warrington, aliona tangazo limebandikwa, lenye habari za mkutano wa wamisionari. Mkutano wenyewe ulikuwa umekwisha kupita, lakini tangazo lile lilimkumbusha hadithi alizosomewa na mama yake karibu na moto. Akakusudia kwenda.

Alipokuwa akingoja kukubaliwa, alifanya kazi Dukinfield katika shamba la kuotesha miche la Bwana James Smith. Huko akamwona Mary, binti wa Bwana Smith, nao wakapendana. Mary naye alikuwa amekulia katikati ya miche na mbegu. Wazazi wake walikataa asiende nchi ya mbali namna ile, kwa hiyo Robert alisafiri peke yake mwezi wa Oktoba 1816, akafika mji wa Cape Town mwezi wa Januari 1817. Mary akangoja zaidi ya miaka miwili, hata wazazi wake wakampa ruhusa. Wakaoana Cape Town tarehe 27 Desemba 1819.

Kisha wakashika njia ya kaskazini kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, mwendo wa maili zipatazo 600, mpaka nchi ya Watlhaping, ambao ni kabila moja la Watswana. Mfalme wao aliitwa Mothibi. Mwaka 1821 Moffat na mkewe wakaweka makao kwake, pamoja na mtoto wao mchanga aliyeitwa Mary kama mama yake. Mwenzao katika kazi alikuwa Robert Hamilton, fundi, aliyetangulia kufika.

3. Nchi yenye kiu

Nchi ile ipo kandokando ya jangwa la Kalahari. Majira yake ni kinyume cha majira ya Ulaya: Desemba na Januari ni miezi ya joto kali, na Juni na Julai ni miezi ya baridi, na usiku jalidi huanguka. Mvua ni chache. Inayokuja huja katika miezi ya joto, na miaka mingine hupita pasipo mvua ya kutosha. Hapo majani hukauka, ng'ombe hukonda, na mtama hufa kabla ya kutoa suke.

Watlhaping walijua namna ya kuishi katika nchi hiyo. Wanaume walichunga ng'ombe na kuwinda, na wanawake walilima. Walipanda mtama, maharagwe, maboga na matikiti, mazao yanayovumilia jua. Lakini mboga za Ulaya na miti ya matunda haivumilii vile. Miche ya kabichi, ikikosa maji siku chache tu katika joto lile, hunyauka hata mizizi.

Lakini katika nchi hiyo kavu kuna jambo la ajabu. Chini ya mawe yake maji ya mvua ya miaka mingi hukusanyika, na mahali pamoja, panapoitwa Jicho la Kuruman, maji hayo hutoka ardhini kwa nguvu, masafi kabisa, yapata lita milioni 20 kila siku. Hayakauki hata mwaka wa njaa. Hapo ndipo mto wa Kuruman uanzapo. Walakini mto huo, ukishuka maili chache, hunywewa na mchanga, na mbele zaidi huonekani tena.

Makao ya kwanza ya Moffat na Hamilton yalikuwa mbali kidogo na chemchemi hiyo, upande wa chini, katika mchanga mwepesi. Kwa hiyo mto ulizibwa kwa boma, na mfereji wa maili kadhaa ulichimbwa kuyaleta maji mpaka bustani. Basi ugomvi ukaanza.

4. Ugomvi wa maji

Mfereji ule ulipita karibu na mashamba ya wanawake wa Watlhaping. Wanawake walipoona jinsi maji yanavyoufanya udongo uchipue, walitoboa kingo za mfereji kwa majembe yao, maji yakaingia katika mashamba yao. Yaliyobaki hayakufika bustani ya misioni. Saa tisa za alasiri, joto likiwa kali kupita saa zote, Moffat au Hamilton alichukua beleshi lake, akaenda mwendo wa maili tatu, akiziba matundu moja baada ya jingine, ili maji kidogo yafike nyumbani. Yalipofika ilikuwa usiku, nao hawakulala, bali walinywesha bustani gizani. Asubuhi yake wanawake waliona mfereji umezibwa, wakaufungua tena.

Hata mboga zilizopona hazikuwafikia mezani. Ziliibwa mchana, ziliibwa usiku, na mwisho wa mwaka mzima wa kazi hawakuvuna kitu cha kutajwa. Kulikuwa na siku nyingi pasipo tone la maji isipokuwa lililochotwa mbali kichwani. Kipimo cha joto kilipanda mara nyingi kivulini hata digrii 120 za Fahrenheit, yaani karibu digrii 49 za Sentigredi.

Moffat akalalamika. Wanawake waliposikia malalamiko yake walikasirika sana. Walitwaa majembe yao, wakapanda mpaka mahali maji yalipotolewa mtoni, wakalibomoa boma lote, mto ukarudi katika njia yake ya kale. Tangu siku hiyo maji ya misioni yalipungua nusu.

Moffat aliandika habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1842, na katika maneno yake uchungu wa siku zile waonekana wazi. Lakini anayeisoma habari hiyo leo yampasa kuwatazama wanawake wale pia. Shamba lilikuwa la mwanamke. Yeye ndiye aliyelima, na mtoto akilia njaa alimlilia yeye. Mto ulikuwa mto wa babu zake. Mwaka wa ukame aliona maji yakipita mbele ya mtama wake unaokufa, yakienda kuburudisha mboga za wageni wasiomwomba ruhusa. Tena wageni wenyewe hawakuweza kuzungumza naye. Siku zile Moffat alikuwa bado hajui Kitswana. Alisema Kiholanzi kwa kinywa cha mkalimani, na mkalimani hakujua vizuri. Watu wawili wenye kiu waliushika mfereji mmoja, wala hapakuwa na neno la kupatanisha kati yao.

5. Mvua iliyokataa

Ukame ukazidi. Watu wakamwita mleta mvua mwenye sifa kutoka kabila la mbali. Siku aliyofika mawingu yalikusanyika na mvua ikanyesha kidogo, watu wakafurahi sana. Lakini baada ya hapo mbingu zilifungwa. Mleta mvua alitaka hiki na kile, akatafuta sababu huku na huku, hata watu wakachoka naye wakataka kumwua. Moffat ndiye aliyemwombea kwa mfalme, naye akaachwa aende zake salama.

Basi watu wakaanza kusema kuwa ni wageni wanaozuia mvua. Siku moja mkubwa mmoja alifika na watu wake mbele ya nyumba ya Moffat, mkuki mkononi, akawaamuru waondoke katika nchi. Mary alisimama mlangoni amemkumbatia mtoto wake. Moffat akafungua vazi lake kifuani, akawaambia kuwa wakitaka kumwondoa wamchome kwa mikuki yao, kwa maana yeye hatoki. Watu wakatazamana. Mkubwa yule akatikisa kichwa, akasema na wenzake kuwa mtu asiyeogopa mauti namna hii lazima awe na jambo, wakarudi makwao.

Wanafunzi wengi husifu ushujaa wa siku ile, nao wastahili kusifiwa. Lakini ushujaa haukuleta maji. Kesho yake mfereji ulikuwa mkavu kama jana.

6. Bonde karibu na chemchemi

Moffat alifikiri sana. Aliona kuwa kosa moja lilikuwa mahali penyewe. Ukikaa chini ya mfereji mrefu, kila mwenye shamba aliye juu yako ni adui au ni rafiki, wala hakuna namna ya tatu. Kwa hiyo mwaka 1824, kwa ruhusa ya mfalme Mothibi, misioni ilihamishwa ikapelekwa juu zaidi, katika bonde lililo karibu na Jicho la Kuruman. Huko udongo ulikuwa mzuri na maji yalikuwa mengi, lakini sehemu kubwa ya bonde ilikuwa kinamasi cha matete. Ikabidi kukata matete, kukausha kinamasi na kuchimba mfereji mpya. Moffat na Hamilton walichimba pamoja na vibarua wao, wakafua vyuma, wakakata mawe ya nyumba.

Kosa la pili lilikuwa ugeni wa lugha. Mwaka 1827 Moffat aliacha beleshi lake kwa muda, akaenda kukaa majuma mengi kati ya Watswana mahali pasipo Mzungu mwingine, akila chakula chao na kulala walipolala, ili aijue lugha yao. Aliporudi aliweza kuzungumza na jirani yake uso kwa uso. Tangu hapo mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1829 watu wa kwanza walibatizwa, na watu wa mahali pale walijitolea wenyewe kujenga nyumba ya shule na sala.

Na bustani nayo ikageuka. Kandokando ya mfereji mpya mashamba ya wenyeji yakaongezeka mwaka hata mwaka. Pamoja na mtama na matikiti yao ya zamani walianza kupanda ngano, shayiri, viazi, njegere, karoti na vitunguu, kisha miti ya matunda. Moffat aliyatengeneza majembe yao katika kiwanda chake cha uhunzi. Wengine walipata mazao ya kuuza, wakanunua plau na magari. Plau ilileta badiliko jingine. Kwa desturi ya Watswana wanawake hawakushika ng'ombe; basi ng'ombe walipofungwa katika plau, wanaume nao waliingia shambani, na mzigo wa kulima haukuwa tena wa mwanamke peke yake.

7. Jinsi bustani ya mfereji inavyotunzwa

Inafaa wanafunzi wajue kazi hii hufanywaje, kwa maana hata leo nchi kavu ni nyingi.

Kwanza ni mwinamo wa ardhi. Maji hayapandi mlima. Mfereji mkuu huchimbwa ubavuni mwa bonde, juu ya bustani, nao huinama kidogo sana. Ukiinama mno, maji hukimbia na kula kingo. Usipoinama, maji husimama na kujaa matope. Ndiyo sababu mtu aliyejifunza kupima ana faida.

Pili ni majaruba. Katika nchi ya mvua nyingi mboga hupandwa juu ya matuta ili maji yatoke. Katika nchi kavu hufanywa kinyume: mahali pa kupanda huwa chini, sawasawa kama sakafu, na kuzungushiwa ukingo mdogo wa udongo, ili maji yakiingia yatulie yanywewe yote. Mtunza bustani hufungua ukingo kwa jembe, jaruba la kwanza likishiba huliziba, kisha hufungua la pili, hata bustani nzima ikanywa.

Tatu ni saa ya kunywesha. Maji yakimwagwa mchana wa jua, mengi hupotea hewani. Yakimwagwa jioni, ardhi huyashika usiku kucha. Asubuhi, udongo ukianza kukauka juu, hupaliliwa kidogo ili usifanye ugumu na nyufa, kwa maana nyufa ni milango ya maji kutokea. Kisha huwekwa majani makavu juu yake kuzunguka miche. Kunywesha mara chache kwa wingi hufaa kuliko kunyunyizia kidogo kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji chini, na mche wenye mizizi mirefu hustahimili joto.

Nne ni samadi ya zizini. Mchanga peke yake haushiki maji, lakini uliochanganywa na samadi iliyooza huyashika kama kitambaa.

Tano ni miti. Mti wa matunda huchimbiwa shimo pana lenye samadi, na kuzungukwa na kibonde cha kupokea maji. Miaka ya kwanza hutunzwa kama mtoto. Ukikua, kivuli chake huzilinda mboga zilizo chini yake na jua la mchana. Mizabibu, mitini, mipichi na milozi huipenda nchi ya jua yenye baridi wakati wa usingizi wake, ikiwa mizizi inapata maji. Pichi na tini nyingi kupita haja ya siku moja hukaushwa juani, zikawekwa akiba kwa miezi isiyo na matunda.

8. Nyumba na bustani

Bustani ya Kuruman haikuwa ya pambo. Mary Moffat alizaa watoto kumi, na wengine walikufa wangali wadogo. Duka halikuwapo, kilichohitajiwa kutoka Cape Town kilifika kwa safari ya miezi. Walichokula ndicho kilichotoka katika zizi na bustani. Tena wageni walikuwa wengi, kwa maana kila msafiri aliyekwenda kaskazini alipita Kuruman, naye alikuta mkate wa ngano, mboga, na matunda kwa majira yake. Mary alijifunza mambo mengi kwa majirani zake. Alipofika mara ya kwanza alichukizwa kuona sakafu zikipakwa mavi ya ng'ombe. Baadaye alizipaka za nyumba yake kila juma, akasifu kuwa hakuna kitu kizuivu cha vumbi na viroboto kuliko hicho.

Moffat mwenyewe aligawa siku yake kati ya beleshi, nyundo na kalamu. Injili ya Luka katika Kitswana ilipigwa chapa mwaka 1830, Agano Jipya mwaka 1840, na Biblia nzima ilikuwa tayari mwaka 1857. Kanisa kubwa la mawe lilifunguliwa mwaka 1838, nalo lingali limesimama.

Mwaka 1841 alifika Kuruman daktari kijana, jina lake David Livingstone. Miaka mitatu baadaye alijeruhiwa mkono na simba, akaja Kuruman kupumzika hata apone. Katika bustani ile palikuwa na mlozi, na husimuliwa kuwa chini ya mti huo alimposa Mary, binti wa kwanza wa Moffat, yule aliyeletwa akiwa mchanga katika nchi yenye kiu. Wakaoana mwezi wa Januari 1845. Mary huyo alikufa kwa homa mwaka 1862 mahali paitwapo Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mume wake alikufa mwaka 1873 katika bara, na Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake safari ndefu mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo watu wa pwani yetu, waliouona msafara ule ukifika, waliona mwisho wa habari ambayo sehemu yake ilianza chini ya mlozi wa Kuruman.

9. Mwisho wake

Moffat na mkewe walikaa katika kazi zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1870, nguvu zikiwa zimewaishia, waliondoka Kuruman kurudi Uingereza. Siku ya kuondoka watu wengi walikusanyika, wakatembea pamoja na gari lao wakilia. Huenda kati yao walikuwamo wajukuu wa wanawake waliobomoa boma la maji.

Mary alikufa mwezi wa Januari 1871, muda mfupi baada ya kufika. Robert aliishi miaka mingine kumi na miwili, akafariki tarehe 9 Agosti 1883, umri wake miaka themanini na saba.

Mfereji wa Kuruman ulibaki, na miti ikaendelea kuzaa baada ya aliyeipanda kuondoka. Habari hii yatufundisha kuwa katika nchi kavu kazi ya mikono ni lazima, na elimu ya kupima na kutunza udongo ni lazima. Lakini hayo mawili hayatoshi. Miaka ile Moffat aliyokuwa na nguvu nyingi kabisa, akiyalinda maji yake peke yake usiku na mchana, hakuvuna kitu. Alianza kuvuna alipopakaribia penye maji ya kutosha, akajifunza lugha ya jirani zake, na jirani zake nao wakawa na bustani kando ya mfereji ule ule. Mfereji wenye mashamba ya watu wengi una walinzi wengi.

Maswali

1. Moffat alijifunza kazi gani alipokuwa kijana, nazo zilimfaa namna gani Afrika?
2. Kwa nini mto wa Kuruman haukauki penye chemchemi, lakini hupotea mbele?
3. Wanawake wa Watlhaping walikuwa na sababu gani ya kukasirika? Moffat alikuwa na sababu gani?
4. Ni mambo gani mawili yaliyobadilika kabla ya ugomvi wa maji kwisha?
5. Eleza tofauti ya tuta na jaruba, na kila moja lafaa nchi ya namna gani.
6. Je, katika kijiji chenu maji hugawanywaje wakati wa ukame? Andika habari zake.